Sura ya Sita: Miraa Ambayo Mzee Hakuifungua

Polisi wakipata mshukiwa mapema, kazi huwa imeharibika mapema. Jambo hilo halifundishwi chuoni, lakini Inspekta Gatakaa alilijua vizuri kama alivyolijua goti lake bovu, lile lililokuwa likimwambia mvua inakuja kabla ya redio.

Mshukiwa mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake. Abdimajid, mchungaji wa mbuzi, kijana mrefu aliyejikunja kwenye kiti kifupi kama mwavuli. Kesho asubuhi angepakiwa gari la korti hadi Meru mjini, akajibu shtaka la kumuua Mzee Thuranira, mmoja wa wazee wawili walioanzisha Hifadhi ya Kithima. Na tangu habari hiyo itoke, wachungaji walikuwa wamejaa upande mmoja wa lango la hifadhi na vijana wa wakulima upande wa pili. Kila upande ulikuwa na fimbo zake, na katikati hapakuwa na kitu isipokuwa kibao.

Juu ya meza palikuwa na vitu viwili: shuka ya buluu iliyokaukiwa na damu, na kifurushi cha miraa kilichovikwa majani ya mgomba.

"Shuka ni ya nani?" Gatakaa aliuliza.

"Yangu."

"Ilifikaje juu ya marehemu?"

"Nilimfunika."

"Kwa nini?"

Kijana alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Madam, maiti haiachwi wazi. Nzi walikuwa wameanza."

"Ulimkuta wapi?"

"Kisimani, kando ya yale mawe. Nilikuwa nimeleta mbuzi wanywe maji. Nikadhani amelala. Nikamwamkia. Nikamwamkia tena. Ya tatu sikumwamkia."

"Watu wanasema mligombana naye juzi juzi."

"Mbuzi wangu alikula miche yake. Akanitukana mpaka akachoka, halafu akanipa ndizi. Mzee alikuwa hivyo. Akimaliza kukutukana anatafuta cha kukulisha."

Mlangoni alisimama Sajini Misheck, aliyemkamata kijana huyo. Misheck alikuwa mtu wa Mbeere, kule Embu, mwenye bidii ya siafu na macho ya siafu pia, maana siafu hutembea vizuri sana bila kuona.

"Na hii miraa?" Misheck akaidaka nafasi. "Ilikuwa hapo hapo kando yake. Sema ni yako!"

"Mimi sitafuni."

"Msomali asiyetafuna miraa!"

"Kwani Wambeere wote wanatafuna muguka?"

Misheck alikohoa. Shavu lake moja lilikuwa limevimba tangu asubuhi na halikuwa jino. "Hapa maswali nauliza mimi."

"Mrudishe ndani," alisema Gatakaa, "na umpe chai. Yenye maziwa, Misheck, si ile ya kuoshea vikombe."

Sajini aliporudi alimkuta amekiinua kifurushi mpaka kwenye mwanga wa dirisha, anakigeuza taratibu kama mama anayekagua mtoto wa jirani.

"Misheck, kwenu muguka unauzwaje?"

"Majani kwa mfuko, afande. Unatia kiganjani, unatafuna, maisha yanaendelea."

"Ndiyo maana ulipoona hii uliona mfuko tu."

"Miraa si ni miraa?"

"Hapo ndipo Mbeere imetupotezea siku hizi zote." Alikiweka mezani kwa mikono miwili. "Hii inaitwa ncoolo. Vijiti vimechaguliwa kimoja kimoja, virefu, kutoka mti mzee. Haitafunwi njiani. Mwanaume huibeba akienda kwa mzee kuomba kitu ambacho mdomo mtupu hauwezi kukiomba. Mke. Msamaha. Neno zito. Mzee akiifungua, amekubali kusikiliza. Sasa tazama hii kamba. Imefunguliwa?"

Misheck aliinama. "Hapana."

"Basi asubuhi ile alikuja mtu kumwomba Thuranira kitu, na Thuranira hakuifungua."

"Na mbona huyo mtu hakurudi nayo?"

"Kwetu ncoolo ikishatolewa hairudi nyumbani na aliyeitoa. Ni kurudi na mkosi. Mtu atakimbia aache viatu na akili, lakini ile ataiacha hapo alipoiweka."

"Afande, hayo si mambo ya wazee wanaume? Wewe umeyajuaje?"

"Wanaume wa Meru walituambia tusisikilize. Halafu wakawa wanaongea kwa sauti kubwa wahakikishe hatusikii."

Misheck hakujua kama acheke. Hakucheka.

"Daktari alisemaje?" Gatakaa akamuuliza.

"Alama za kubanwa na vidole kwenye mikono yote miwili, hapa juu, chini ya mabega. Kichwa kimegonga jiwe mara moja tu. Hakuna jeraha lingine."

"Fimbo ya kijana?"

"Safi. Nilidhani ameiosha."

"Mchungaji akitaka kumpiga mtu, ataweka fimbo chini kwanza amshike mabega?"

Gatakaa alikuwa tayari ametoka na funguo za gari. Kuna jambo moja alilokuwa ameliona kwenye kifurushi na hakulisema. Kamba ya ganda la mgomba ilikuwa imezungushwa kuelekea kushoto.

*

Kibao cha hifadhi kilikuwa na maneno matatu kwa rangi tatu: UHIFADHI, UTALII, JAMII. Chini yake, juu ya mtungi wa plastiki uliogeuzwa, aliketi Mzee Burale, baba yake Abdimajid, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Maua, ndevu zimepakwa hina. Wachungaji walikuwa nyuma yake. Ng'ambo ya barabara vijana wa wakulima walikuwa wakiimba wimbo ambao maneno yake hayaandikiki na mimi nimebatizwa.

"Mzee, hii hifadhi iliwekwa ya nini?" Gatakaa aliuliza baada ya salamu.

"Kibao hakijakuambia?"

"Kibao ni cha wageni."

Burale aliangalia kule kisimani. "Amekula, huyo kijana?"

"Amekula. Amelalamika chai haina sukari."

"Basi kweli ni mwanangu uliyemfungia." Akavuta pumzi. "Ulikuwa ukame. Hiki kisima ndiko maji yalikobaki. Sisi tunazika upande huu, wao wanazika upande ule, na ndovu wanauawa wanaozea ndani ya maji hayo hayo tunayoyagombania. Siku moja Thuranira akaja kwangu bila panga. Akaniambia, Burale, wewe una ng'ombe wa kufa, mimi nina shamba la kufa, tumpe nani kisima? Nikamwambia, tukimpa mmoja wetu, mwingine atakuja na bunduki. Akasema, basi tumpe ndovu."

"Ndovu?"

"Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Akasema ndovu akiwa mwenye nyumba, sisi wote ni wageni, na wageni hawapigani kwa mwenye nyumba. Mifugo yetu asubuhi, watu wao na mitungi mchana, wanyama jioni. Akatoa ardhi yake yote inayozunguka maji, na ile njia ya ndovu inayoteremka kutoka mlimani. Mbuzi akachinjwa mbele ya watu wote, wa kwao na wa kwetu." Mzee alipangusa jicho kwa kidole kimoja, kama kuna vumbi. "Watu wanafikiri tuliwapenda wanyama. Mimi ndovu simpendi, anamaliza nyasi. Hii kitu iliwekwa ili tusiuane. Sasa ona."

Gatakaa aliona.

"Nani alitaka njia au kisima vibadilishwe?"

"Kila mtu. Lakini mtoto wa Thuranira, Gitobu, ndiye mwenye sauti." Akamshika mkono, jambo ambalo hangelifanya siku nyingine. "Inspekta, mwanangu akipanda gari la korti kesho, hawa vijana sitaweza kuwashika. Na wale wa pale hawana wa kuwashika, maana aliyekuwa akiwashika ndiye amekufa."

*

Gitobu alikuwa nyumbani kwa marehemu, anawaonyesha watu pa kuchimba kaburi. Alikuwa mwanaume mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Niligombana na baba? Kila mwaka! Nilimwambia ndovu hawana wajukuu wa kusomesha. Andika!"

"Ulimpelekea ncoolo?"

Gitobu alimtazama, hasira ikamtoka kidogo. "Wewe si wa Mikinduri? Mtoto gani humpelekea baba yake mzazi ncoolo? Mimi naingia, napiga meza, yeye anapiga meza, mama analeta chakula. Hiyo ndiyo ncoolo yetu."

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Nchiru, kule chuoni, namhamisha binti yangu hosteli. Nimetembea na godoro kichwani sokoni kote. Uliza wanafunzi, wamenipiga picha wakacheka." Halafu sauti yake ikashuka mpaka ikawa ya mtu mwingine. "Nyumba hii imechoka kuzika, inspekta. Mvua iliyopita ilikuwa dada yangu Winfred, kule Kibirichia alikoolewa. Ndovu alimkuta shambani alfajiri akichimba viazi. Ametoka kwenye hiyo hiyo njia ya baba."

"Na baba yako alisemaje?"

"Alizika mtoto, akarudi kisimani akakaa."

*

Mikinduri siku ya soko huwezi kuuliza jambo moja ukajibiwa moja. Lakini Gatakaa hakuenda sokoni. Alipita migomba ya watu aliowajua kwa majina ya utotoni mpaka kwa M'Mukindia, mzee aliyefunga miraa kwa mkono wa kushoto tangu Gatakaa akiwa na meno ya maziwa. Walimu walimchapa aache, mkono ukakataa, wakaacha walimu.

"Muga, baba."

"Muga muno. Gatakaa! Umenenepa. Serikali inalisha."

"Inalisha, hailipi. Kuna mtu umemfungia ncoolo hivi karibuni?"

"Wengi. Watu wanaoana kama hawajaona waliooa."

"Mtu wa juu, wa baridi."

"Ah, yule wa viazi." M'Mukindia alikata jani la mgomba, akalipitisha juu ya moto lilainike. "Koti la mvua, na jua linawaka. Kwao miraa haioti, ndiyo akaja kwangu. Nikamuuliza anakwenda kuomba wapi. Akasema kwa mzee aliyemwozesha binti yake. Nikacheka, nikamwambia, bwana, umemaliza dada mkubwa sasa unataka mdogo? Tuseme ukweli, hutokea."

"Akacheka?"

Mikono ya mzee ilisimama juu ya jani. "Hapana. Akaniambia, 'Ni kwa sababu ya yule yule.' Mtu gani huenda kwa baba mkwe na ncoolo mara ya pili kwa sababu ya mke yule yule? Nilitaka kumuuliza, nikamwangalia uso. Nikafunga tu. Nilimpa ile ndefu, ya mti wa babu."

Gatakaa alisimama.

"Kwani amekosa nini?" mzee aliuliza.

"Sijui kama ni kukosa, baba. Naenda kuona."

*

Shamba la Kiunga, mume wa Winfred, lilikuwa pembezoni mwa Kibirichia, mahali ambapo viazi vinaishia na njia ya ndovu inaanza. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu. Kiunga alikuwa peke yake, anachimba mwisho wa mstari wa mwisho. Shamba lote lilikuwa limevunwa na magunia yamesimama kwenye kingo, isipokuwa kipande kimoja katikati, ukubwa wa chumba cha kulala. Humo viazi vilikuwa vimeachwa, vimemezwa na magugu. Gatakaa alipita mbali nacho bila kuambiwa.

"Shangi imekubali mwaka huu," alisema, akiketi juu ya gunia la viazi hivyo.

"Imekubali." Kiunga hakuacha kuchimba. Alikuwa mtu wa miaka ya kati, amekonda ndani ya koti la mvua.

"Mikinduri ulikwenda kufanya nini?"

"Sijafika Mikinduri tangu Krismasi."

"Mzee wa mkono wa kushoto anakusalimia. Anasema alikutania vibaya, umsamehe."

Jembe lilibaki ardhini. Kiunga alilitazama kama linalomhusu mtu mwingine.

"Yule mzee anaongea sana," alisema mwishowe.

"Ulimkuta Thuranira saa ya mifugo ama kabla?"

"Kabla. Nilitaka awe peke yake." Akachuchumaa, akaanza kuondoa udongo kwenye kiazi kimoja, akakisugua mpaka kikang'aa. "Nilimwomba jambo moja. Uzio wa waya upande huu wa shamba langu, njia igeuke kidogo. Sikusema ndovu auawe. Sikusema hifadhi ifungwe. Watoto wangu sasa hawataki kutoka nje alfajiri, hata kwenda shule. Nikaiweka ile miraa mbele yake, vile inavyowekwa. Hakuigusa. Akawa anatazama maji."

"Ukamshika."

"Nikamwambia, baba, nitazame, ni mimi. Nikamshika nimgeuze. Akajivuta, mkono wangu ukateleza." Kiazi kilianguka. "Alikuwa mwepesi, inspekta. Kwa harusi yetu alinibeba mgongoni akicheza. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo."

Upepo ulipita kwenye magugu ya kile kipande.

"Ulijua kuna kijana ameshikwa?"

"Nilijua."

"Ukafanya nini?"

"Nikachimba viazi." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, na hakuyafuta. "Kila siku nasema nikimaliza mstari huu nitashuka stesheni. Ona, nimemaliza mistari yote."

Gatakaa alitoa simu.

"Misheck. Mfungue Abdimajid."

"Afande! Na karatasi?"

"Karatasi nitajaza mimi. Mtie kwenye gari umpeleke langoni kwa baba yake, mwenyewe, sasa hivi. Ukifika simama mahali pande zote mbili wakuone, useme kosa lilikuwa letu."

"Letu, afande?"

"Ni lako. Lakini mimi ni mkubwa wako, nakusaidia kulibeba."

Kiunga alikuwa ameanza kunawa mikono kwenye beseni, taratibu, kama mtu anayejitayarisha kwenda kanisani. Alimwita dada yake Ruguru kutoka jikoni, akamwambia awape watoto chakula, na asiwaambie kitu mpaka yeye mwenyewe atume neno. Ruguru alitazama gari la polisi, akajifunga leso vizuri, akarudi ndani bila kuuliza.

Baada ya muda simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Misheck palikuwa na kelele za watu wengi, lakini si za vita.

"Nimesema, afande. Mzee Burale amemshika mtoto kichwani, hataki kumwachia. Wale wengine wanauliza mazishi ni lini."

"Nani anauliza?"

"Wachungaji. Wanasema wanataka kuja kuzika."

"Waambie Gitobu ndiye mwenye jibu. Na Gitobu nitamwambia mimi jibu ni lipi."

Akakata. Ilibaki kazi ya kuandika, ambayo Gatakaa aliichukia kuliko maiti. Alifungua daftari juu ya goti lake bovu.

"Lazima niandike maneno ya marehemu ya mwisho. Umesema hakuigusa miraa. Alikukataa kwa kusemaje?"

Kiunga alijipangusa mikono kwa koti. "Alinifukuza kama mtu asiyenijua. Alisema, 'Rudi, uje na watu.'"

Kalamu ya Gatakaa ilisimama.

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Hata hakugeuza shingo."

Gatakaa alikuwa na dada wanne, wote wameombwa na kuolewa kutoka boma moja, na yeye akiwa nyuma ya ukuta wa jikoni kila mara. Hakuandika.

"Kiunga. Ile mara ya kwanza kabisa ulipokwenda kwake kumwomba Winfred. Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu. Nilikuwa kijana, nani alinifundisha? Nikabeba ncoolo yangu nikaingia tu, kama mtu anayeomba chumvi."

"Aliifungua?"

"Hapana."

"Akakuambia nini?"

Kiunga alifungua mdomo kujibu haraka, kama mtu anayekumbuka vizuri. Neno la kwanza lilitoka: "Rudi..." Halafu hakuendelea. Alimtazama Gatakaa, akatazama njia inayoteremka kwenda kisimani, akarudi kumtazama Gatakaa, akitafuta usoni mwake mtu wa kumwambia sivyo.

"Nilirudi na wajomba zangu," alisema polepole sana. "Akaifungua kabla hata hatujaketi."

Gatakaa alifunga daftari. Gari lilikuwa likingoja na jua lilikuwa likishuka, lakini hakumwambia twende. Kiunga aliingia kwenye kile kipande kilichoachwa katikati ya shamba, akapiga magoti kwenye magugu, akaanza kuchimba kwa mikono.